Kuku wa Mbegu Safi Uani Kwetu

Desturi ya vijiji vingi ni hii: mgeni wa heshima akibisha hodi, huchinjwa jogoo aliye mkubwa na mwenye kupendeza, na siku ya kutafuta ada ya shule, hupelekwa mnadani yule wa pili yake. Abakiaye uani ni jimbi mdogo, mwenye miguu miembamba, ambaye hakuna aliyemtamani. Basi huyo ndiye awaye baba wa vifaranga wote wa mwaka ujao. Jambo hili likirudiwa kwa miaka 20, haifai mtu kushangaa kwamba kuku wake ni wadogo na mayai yao ni machache. Maana amekuwa akichagua kila mwaka, lakini amechagua kinyume.

Kazi ya kupata mbegu safi ni kuugeuza uchaguzi huo uelekee mbele. Wasomaji wengi husikia maneno “mbegu safi” wakadhani maana yake ni kuku wa kigeni. Sivyo. Kuku ni wa mbegu safi ikiwa wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, wafanana kwa umbo, uzito, rangi na tabia, hata mtu akiatamisha mayai yao aweza kusema kabla ya siku ya 21 vifaranga watakuwa wa namna gani. Tena yapasa pawe na kielelezo, yaani maneno yaliyoandikwa yakieleza kuku wa aina hiyo awe vipi, kusudi watu wa mahali mbalimbali wapate kulenga shabaha moja. Waingereza walipiga chapa kitabu cha vielelezo vya kuku mwaka 1865, na Wamarekani wakafuata mwaka 1874.

Na tutwae mfano wa kuku wekundu waitwao Rhode Island Red, ambao wengi wetu tumewaona. Hawa hawakuumbwa na mabwana wenye elimu kubwa, bali walianza katika mashamba ya wakulima wa kawaida huko Marekani, pande za Little Compton na Adamsville, katika karne ya 19. Mabaharia walileta majogoo warefu wekundu wa Kimalaya na kuku wengine wa Asia, na wakulima wakawapandisha kwa mitetea ya kwao. Yasimuliwa ya kuwa nahodha mmoja, William Tripp, alikuwa miongoni mwa walioanza, yapata mwaka 1854. Wakulima wale waliona kwamba majogoo wekundu huzaa mitetea yenye nguvu na mayai mengi, wakazidi kuwachagua wekundu. Hata hivyo kuku hao hawakuingizwa katika kitabu cha vielelezo ila mwaka 1904. Hesabu mwenyewe: ni miaka 50. Mwaka 1925 wakawekewa nguzo ya ukumbusho pale Adamsville, heshima ambayo si wafalme wote waliopata.

Kielelezo chao chasema jogoo mzima awe na uzito wa ratli 8 na nusu, yaani kama kilo 3.9, na mtetea ratli 6 na nusu, karibu kilo 3. Mgongo uwe mrefu ulionyoka, mwili kama tofali; manyoya mekundu ya kuiva, mkia mweusi; miguu ya manjano yenye wekundu kidogo; macho mekundu; na upanga wa kichwani, kama ni ule mmoja uliosimama, uwe na meno matano. Mwenye kusoma maneno hayo akaenda akamtazama kuku wake aweza kujua mara moja amepungukiwa wapi.

Sasa tuje kwetu. Njia ya kwanza ni kununua jogoo na mitetea walio safi tayari, na kazi ikawa kuwalinda wasichanganyike. Njia ya pili ni kununua jogoo tu, na kumpandisha kwa mitetea ya kienyeji. Vifaranga wa kwanza watakuwa na nusu ya damu ya baba. Mitetea yao ikipandwa na jogoo mwingine wa mbegu ile ile, wanaofuata watapata robo tatu. Kisha sehemu 7 katika 8. Kisha 15 katika 16. Twasema “jogoo mwingine” kwa makusudi, kwa sababu baba akipanda binti zake, na baadaye wajukuu zake, mayai hukataa kuangua na vifaranga huwa dhaifu.

Katika njia hii ya pili kuna mtego ambao umewanasa wengi. Mtu hununua jogoo mweupe wa White Leghorn, akamweka pamoja na mitetea yenye rangi za kila namna. Vifaranga wakitoka, lo! karibu wote ni weupe, labda na madoa machache meusi. Mwenyewe hufurahi, akawatangazia jirani kwamba ana White Leghorn safi, akawauzia mayai kwa bei ya juu. Mwaka wa pili awapandisha wale weupe wao kwa wao, na kiasi cha robo ya vifaranga wanatoka weusi, wekundu, na wa madoadoa. Jirani walionunua mayai wanakuja kudai fedha zao. Hapana aliyeiba wala kudanganya kwa kusudi. Weupe wa Leghorn una nguvu ya kuzifunika rangi nyingine, lakini hauziondoi. Zimejificha katika damu, zangoja.

Upanga nao ni vivyo hivyo. Bwana William Bateson wa Cambridge alionyesha mwaka 1902, kwa kuwapandisha kuku, ya kwamba sheria za urithi ambazo Mendel alizipata kwa njegere na kuzipiga chapa mwaka 1866 zawatawala wanyama pia. Upanga wa waridi, ule mpana uliolala kichwani wenye vinundu, huufunika upanga mmoja uliosimama. Kwa hiyo jogoo na mtetea wenye waridi waweza kuzaa mtoto mwenye upanga mmoja, ikiwa wote wawili wamebeba urithi uliofichika. Na wakizaa wengi, hao watakuwa kama mmoja katika kila wanne. Si uchawi, wala si lazima jogoo wa jirani aliruka ua. Ukitaka kumjua jogoo wako wa waridi kama ni safi, mpandishe kwa mitetea yenye upanga mmoja, uwatazame vifaranga. Akitokea hata mmoja mwenye upanga mmoja, jogoo ana siri. Wakitoka kumi na zaidi, wote wa waridi, waweza kumwamini.

Katika kuchagua, sisi twaona utaratibu ni neno kubwa kuliko yote. Kwanza tazama uzima, pili umbo na uzito, tatu mayai, na mwisho kabisa manyoya na upanga. Wako waliogeuza utaratibu huu wakaharibu kazi ya watu wengi. Kuku weusi wa Kispania wenye uso mweupe walisifiwa sana Uingereza katika karne ya 19 kwa mayai yao makubwa meupe. Washindani wa maonyesho wakaanza kutazama weupe wa uso peke yake, kila mtu akitaka uso mpana zaidi ya wa mwenziwe, hata kuku wakawa dhaifu na vifaranga wagumu kuwalea, na wakulima wakawaacha. Uso ulikuwa mzuri kweli.

Basi siku ya kuanguliwa, ondoa wenye mdomo uliopindana na vidole vilivyokunjamana. Wakifika wiki nane, watie alama waliokua upesi na kuota manyoya mapema. Hao ndio wa kutazamiwa. Wakifika miezi mitano au sita, wapime kwa mizani, si kwa macho, kwa sababu manyoya hudanganya. Mtetea atagaye mshike usiku, uweke vidole kati ya mifupa miwili myembamba iliyo chini ya mkia: ikiwa nafasi ni ya vidole viwili au vitatu, na tumbo ni laini, huyo anataga; ikiwa kidole kimoja chapita kwa shida, ametulia au ni mvivu. Katika vifaranga 50 usisite kubakiza mapora wawili na tembe wanane, na wengine wote wakaliwa au wakauzwa. Hapa ndipo moyo wa mwanadamu hushindwa. Lakini jogoo mmoja ni nusu ya kundi zima, na mwenye kumhurumia jogoo mbaya hawahurumii watoto wake mwenyewe wanaongoja mayai.

Kuhusu damu kurudiana, iko njia nyepesi ifaayo kijiji au shule. Wagawe kuku katika jamaa tatu, na zikae kwa watu watatu wanaoaminiana. Tembe wabaki katika jamaa ya mama yao sikuzote. Mapora waliochaguliwa wahame: wa jamaa ya kwanza waende ya pili, wa pili waende ya tatu, wa tatu warudi ya kwanza. Kwa desturi hii kaka na dada hawapandani, na mbegu hudumu miaka mingi pasipo kununua jogoo wa nje kila mara. Ili jamaa zisichanganywe, kifaranga atobolewe utando ulio kati ya vidole vya mbele siku anapoanguliwa. Kila mguu una tando mbili, jumla nne. Kwa kutoboa hapa na kuacha pale mtu hupata alama 16 zilizo mbalimbali. Ziandikwe daftarini siku ile ile.

Wengi huuliza watawafungaje kuku ambao wamezoea kujitafutia. Si lazima wafungwe mwaka mzima. Wakati wa kuzalisha, mitetea wanane au kumi waliochaguliwa watiwe pamoja na jogoo wao katika ua wa mianzi au wavu, walishwe. Mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo wa kwanza mwilini kwa siku nyingi, kwa hiyo pitisha wiki tatu kabla ya kuyaweka mayai ya kuatamiwa. Yaandike kwa penseli, yasikae zaidi ya siku kumi, kisha mpe mtetea wa kienyeji ayalalie. Yeye ni mama hodari kuliko hao wageni. Mtetea wa White Leghorn huatamia kwa nadra.

Na hapa twataka kusema neno juu ya kuchi wetu, kuku warefu wenye kifua kilichosimama, ambao inasadikiwa asili yao ni Asia, na ambao pwani hununuliwa kwa bei kubwa. Mwenye kuchi mzuri asikimbilie kumchanganya na jogoo mwekundu. Yale yale tuliyoyaeleza yaweza kufanywa kwa kuchi, na hata kwa kishingo asiye na manyoya shingoni, ambaye hustahimili joto. Wazee na waalimu wa kijiji wakikaa siku moja, wakaandika kuchi wao awe na uzito gani, miguu ya namna gani, na mtetea atage mayai mangapi kwa mtago mmoja, wamekwisha kuwa na kielelezo.

Haya yote hayana maana mdondo ukiingia. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, huweza kumaliza ua mzima kwa siku chache, pamoja na kazi ya miaka minne. Iko chanjo ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila miezi mitatu. Kichupa kimoja chatosha kuku wengi, hivyo jirani wanunue pamoja na wachanje siku moja. Kuku mgeni, hata awe na upanga wenye meno matano kamili, akae mbali na wengine wiki mbili kwanza.

Mapora wa ziada walio wazuri, wenye alama na walioandikwa daftarini, wasipelekwe mnadani. Wabadilishwe na jirani, jogoo kwa jogoo, kwa sharti kwamba yule jimbi wa zamani aingie chunguni kabla mpya hajafunguliwa.