Mgombea akiahidi vipindi viwili tu, nani atamshikilia?

Msikilizaji, kampeni zikifika Mvumi Misheni au Mvumi Makulu, unaweza kumsikia mgombea ubunge akisema: "Nipeni miaka kumi tu, kisha nampisha mwingine." Ahadi hiyo ina nguvu gani?

Kisheria, haina. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1977 inazuia mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Mbunge hana ukomo: chama kikimteua na wananchi wakimchagua, anarudi bungeni.

Nusura hali hiyo ibadilike. Mwaka 2013, rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza ubunge uishie vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Bunge Maalumu la Katiba, lililoketi hapa Dodoma mwaka 2014, liliviondoa vipengele hivyo.

Marekani nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1995 kwamba majimbo hayawezi kuwawekea ukomo wabunge wa taifa. Ikabaki ahadi ya hiari. Tom Coburn wa Oklahoma aliahidi vipindi vitatu katika Baraza la Wawakilishi, akatimiza na kuondoka mwaka 2001. George Nethercutt wa Washington aliahidi hivyo hivyo, lakini mwaka 2000 akagombea tena, na wapiga kura wakamrudisha.

Kwa hiyo mlinzi wa ahadi ni wewe. Muulize mgombea: vipindi vingapi, na vinahesabiwa kuanzia lini? Ni kwa jimbo hili tu, au hata ukihamia jingine? Jibu lake lirekodi kwenye simu, ulitunze.

Tukumbuke pia kwamba ukomo si dawa ya kila kitu. Mbunge mzoefu anajua njia za kufuatilia fedha za kisima au barabara; mgeni huanza kwa kujifunza. Pima kazi yake pamoja na neno lake.

Na nguvu hiyo mnayo tayari. Mwaka 2010, jimbo hili likiitwa Mtera, wanachama wa CCM walimpa Livingstone Lusinde ushindi dhidi ya mkongwe John Malecela katika kura za maoni. Hakuna sheria ya ukomo iliyotumika siku ile. Zilitosha kura.