Itongo na Kitongoji: Habari za Vijiji vya Kasulu na Kibondo

Katika lugha ya Waha liko neno itongo, ambalo mgeni alisikiapo kwa mara ya kwanza hudhani ni kitongoji cha Kiswahili kilichokatwa kichwa na mkia. Maneno haya yafanana kwa sauti, lakini matumizi yake yametengana. Itongo ni ardhi ya baba na babu, mahali palipokuwa na nyumba zamani: udongo wake ni mweusi kwa samadi na majivu ya miaka mingi, na migomba iliyoachwa yaendelea kuchipua. Kitongoji, kama serikali itumiavyo neno hili leo, ni sehemu ya kijiji, yaani mahali zilipo nyumba sasa. Siku nzima ya mkulima wa Kasulu au Kibondo hupita kati ya mahali hapa pawili. Alfajiri hutoka kitongojini, na jioni hurudi. Nataka kueleza jinsi safari hii ya kila siku ilivyoanza, na tabia ya watu waliokuzwa nayo. Kwa maana mwalimu au mchungaji asiyeijua hana budi kuwahukumu watu wake vibaya.

I. Makao ya kale

Nyanda za juu za Uha zimepita mita 1,200 juu ya bahari; upande mmoja ni nchi ya Burundi, na upande wa pili ardhi yateremka mpaka mabonde ya Malagarasi na Moyowosi. Zamani nchi hii iligawanyika katika tawala kadha. Heru ilikuwa upande wa Kasulu. Muhambwe na Buyungu zilikuwa upande wa Kibondo. Kila utawala ulikuwa na mwami wake, na chini yake watwale. Lugha ya watu ni Kiha, nduguye Kirundi na Kinyarwanda.

Watu hawakukaa kwa vijiji. Kila mwenye nyumba alikuwa na urugo wake, yaani nyumba na ua na zizi, juu ya mgongo wa mlima, na migomba imeizunguka pande zote. Nje ya migomba palikuwa na mashamba ya mahindi, mtama na maharagwe, na chini bondeni palilimwa wakati wa kiangazi, udongo ukiwa ungali na unyevu. Jirani alikuwa mbali kidogo, lakini si mbali hata asisikie ukimwita. Mtu akiulizwa akaa wapi, alitaja jina la mlima. Na tokea kitandani mpaka jembeni hazikuwa hatua mia.

Si kwamba Waha hawakujua safari. Tangu kale watu walishuka Uvinza wakati wa kiangazi, wakajenga vibanda karibu na chemchemi za chumvi, wakapika maji yake, wakatoa fungu la watawala wa mahali, kisha wakarudi kwao kabla ya mvua. Baadaye, wakati wa Waingereza, maelfu ya vijana walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Na tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilichoitwa SILABU kilikuwa na kazi ya kuwaandika na kuwasafirisha. Lakini safari hizo zilikuwa za majira au za miaka. Mtu alipokuwa kwake, alikuwa kwake kweli: kazi na malalo vilikuwa mahali pamoja.

II. Mbung'o na kuhamishwa kwa kwanza

Wabelgiji waliitwaa nchi hii kwa Wajerumani mwaka 1916, na mwaka 1921 wakawaachia Waingereza. Katika miaka ile ya vita, njaa na maradhi, watu walipungua mahali pengi, na penye watu wachache pori hurudi. Pori likirudi, mbung'o hurudi nalo, na mbung'o huleta malale. Katika miaka ya 1930 serikali iliamua kuwakusanya watu waliotawanyika katika nchi zenye mbung'o za Uha, hasa upande wa Kibondo, wakae karibu karibu. Shauri lenyewe lilikuwa na maana: watu wengi wakilima pamoja, miti hukatwa, kivuli hupotea, na mbung'o hukosa makao.

Hivyo ndivyo watu wengi walivyoonja kwa mara ya kwanza kukaa mahali walipochaguliwa na mtu mwingine. Afya yao ilifaidiwa. Lakini nchi iliyoachwa nyuma ilizidi kuwa pori, na upande wa mashariki, penye Moyowosi, leo ni hifadhi ya wanyama. Itongo la mtu likiisha kuwa malisho ya nyati, halirudi tena kwake.

III. Operesheni Kigoma

Kuhamishwa kwa pili kulikuwa kukubwa zaidi. Mwaka 1972 ulianza mpango ulioitwa Operesheni Kigoma, wa kuwatoa watu katika makao yaliyotawanyika milimani na kuwakusanya katika vijiji. Mwaka uliofuata TANU ilikata shauri kwamba watu wote wa mashambani, nchi nzima, wawe wanakaa vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Na sheria ya vijiji ilitungwa mwaka 1975. Hivyo watu wa Kigoma walitangulia kuhamishwa, na wengine wakafuata.

Sababu zilizotolewa zilieleweka. Haiwezekani kumpelekea kila mwenye urugo mlimani shule, zahanati na bomba la maji. Basi vijiji vilipimwa kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari, na kila mmoja akapewa kiwanja. Wengine walihama kwa hiari, na wengine kwa kulazimishwa. Mti wa nyumba waweza kuhamishwa, hata mlango waweza kubebwa kichwani. Lakini migomba, kahawa, na udongo uliolishwa samadi kwa vizazi vitatu havibebeki. Watu wakahamia barabarani, na chakula chao kikabaki mlimani.

Hapo ndipo safari ya kila siku ilipozaliwa. Wengine waliacha mashamba ya kale, wakafungua mapya karibu na kijiji. Wengine, baada ya miaka michache, walirudi kimya kimya migongoni kwao. Lakini wengi walibaki kijijini na kuendelea kulima itongo lao kwa kwenda na kurudi. Nao wana wao waliongezeka. Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 473,000 mwaka 1967; mwaka 2012 walikuwa zaidi ya 2,127,000. Mashamba ya karibu yakagawanywa vipande vidogo, na kijana aliyetaka shamba la kumtosha alilazimika kwenda mbali kuliko baba yake. Huko Kagera Nkanda, katika wilaya ya Kasulu, haja hiyo ya ardhi ilileta ugomvi mrefu kati ya wakulima na walinzi wa msitu.

IV. Mfano wa miji mikubwa

Msomaji atasema kwamba watu kulala huku na kufanya kazi kule si jambo geni duniani. Ni kweli. Huko London reli ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1863, na njia za reli zilipoendelea nje ya mji, watu walijenga nyumba pembezoni, wakapanda gari asubuhi kwenda kazini na kurudi usiku. Dar es Salaam nayo ina watu wasiohesabika waendao mjini kila siku kutoka vitongoji vya pembeni. Hata Kasulu kuna wafanyakazi wa namna hiyo: Kabanga, penye hospitali na chuo cha walimu, si mbali na mji, na wako waendao kazini kwa pikipiki kila asubuhi.

Lakini angalieni tofauti. Mtu wa mjini huondoka penye kazi akatafute mahali pa kulala penye nafasi na hewa; kazi yake imekaa palepale, yeye ndiye aliyejitenga nayo, na reli ilikuja kumsaidia. Mkulima wa Uha hakujitenga na kazi yake. Nyumba yake ndiyo iliyosogezwa ikaifuata barabara, wala hakuna gari liendalo kwenye itongo. Barabara yapita mlangoni pake, lakini kazi yake iko upande ambao barabara haiendi. Ndiyo sababu kijiji chake chafanana na kitongoji cha mji usio na mji: watu hutoka asubuhi kama wafanyakazi, ila waendako ni shambani.

V. Tabia ya kijiji cha namna hii

Jambo la kwanza ni saa zake. Tangu mvua za kwanza za Oktoba au Novemba mpaka mwezi wa Aprili, kijiji huamka gizani. Njiani watu hupishana na majembe begani, wakisalimiana “Mwakeye” bila kusimama. Kufika saa tatu waliobaki ni wazee, wagonjwa, wenye maduka, na watoto wadogo wakilelewa na dada zao. Mgeni ajaye saa hiyo huona milango imefungwa, akaandika katika daftari yake kwamba watu hawakuitika mwito. Kumbe aliwatafuta penye malalo yao saa ya kazi.

La pili ni mzigo wa wanawake. Zamani mama alichuma ndizi nyuma ya nyumba na kuchota maji bondeni. Sasa maji labda yako karibu, lakini chakula na kuni vyatoka mbali, na mtoto yuko mgongoni wakati wote huo. Baiskeli imekuwa punda wa nchi hii, nayo kwa kawaida huendeshwa na mwanamume, mwanamke hutembea.

La tatu ni ujirani. Mlimani jirani alikuwa ndugu, au mtu ambaye babu yake alijuana na babu yako. Kijijini nyumba zilipangwa kwa kamba ya mpimaji, na watu wa milima mbalimbali walikaa mstari mmoja. Kwanza waliogopana, na mtoto akiugua, macho yaligeukia nyumba ya pili. Baada ya zaidi ya miaka 50 wameoana na kuzikana, na ujirani mpya umezaliwa. Lakini ugomvi wa ardhi ukitokea, watu hugawanyika tena kwa milima yao, hata vijana ambao hawakupata kulala huko usiku mmoja.

La nne ni vibanda. Shamba likiwa mbali, na nyani na nguruwe wakiliharibu, mtu hujenga kibanda na kulala huko wakati wa kupanda na wa kuvuna. Huenda baba, kisha mama humfuata, kisha watoto wakubwa. Kitabu cha mahudhurio shuleni hujaa nafasi tupu, nasi twasema wazazi hawapendi elimu. Wazazi haohao ndio walioacha migomba yao ili wawe karibu na shule.

Faida nazo tusizifiche. Kijijini mtoto hufika shule bila kuvuka mito miwili. Mama mwenye uchungu wa kuzaa huweza kufikishwa hospitali. Habari husikika mapema, na mazao hupata mnunuzi barabarani. Watu wa Makere walijifunza kuuza vyakula kwa majirani wao wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Nimewasikia wazee wakilalamikia kuhamishwa, na palepale wakikataa katakata kurudi mlimani. Maneno yote mawili ni ya kweli.

VI. Yatupasayo walimu na wachungaji

Wahenga walisema, “Asiyekuwapo na lake halipo.” Mithali hii hutimizwa vibaya kila mkutano unapoitwa saa nne ya asubuhi mwezi wa Desemba, na mashauri ya kijiji kukatwa na watu kumi, mbele ya viti vitupu. Mikutano, na mafundisho ya watu wazima, iwekwe jioni au siku ya soko. Mwalimu ajue njia waendazo wanafunzi wake, na umbali wa vibanda vyao. Pengine juma moja la mapumziko likisogezwa kufuata mavuno litaokoa majuma mengi ya utoro. Mchungaji naye asiwangoje watu wote waje kwenye jengo. Wako wagonjwa walalao vibandani ambao hakuna awajuaye ila jirani wa shamba.

Tena liko jambo lisilongoja. Waliohamishwa mwaka 1972 wakiwa watu wazima wamebaki wachache. Wao ndio wajuao jina la kila mgongo, kila kijito, na mpaka wa kila itongo, na mahali yalipo makaburi ya wazee. Wilaya zimegawanywa (Buhigwe ilitoka Kasulu, na Kakonko ikatoka Kibondo, mwaka 2012), na vijiji navyo vimepewa majina mapya. Mzee akifa, jina la mlima hufa naye, na ugomvi wa mpaka hubaki bila shahidi.

Kwa hiyo nawaomba ndugu walimu mlio katika nchi hizi: kila mmoja achukue daftari, awaulize wazee wa kitongoji chake walitoka mlima gani, nani alikuwa jirani yao, na mpaka ulikuwa mti gani au jiwe gani. Aandike jina kwa Kiha, kama wenyewe walitamkavyo. Wanafunzi wakubwa waweza kuifanya kazi hii vizuri sana, kwa kuwa hupita njia hizo kila siku, na wengi wao hawajui majina ya mahali wakanyagapo.