Je, Wajua? Wakomunisti wa India

Je, wajua kwamba Chama cha Kikomunisti cha India kina siku mbili za kuzaliwa? Wafuasi wa tawi moja husema kilizaliwa mwaka 1920 mjini Tashkent, nje kabisa ya India! Wa tawi jingine hushikilia 1925, mjini Kanpur.

Mwanzilishi wa chama huko Tashkent, M. N. Roy, alikuwa ametokea Mexico, ambako mwaka 1919 alishiriki kuanzisha chama cha kikomunisti cha huko. Alifika Moscow kama mjumbe wa Mexico, akajadiliana na Lenin mwenyewe kuhusu makoloni. Hebu fikiria!

Wayajua malori ya Tata? Basi mpwa wa mzee Jamsetji Tata, Shapurji Saklatvala, mzaliwa wa Mumbai, alikuwa mkomunisti wa kukata na shoka. Mwaka 1924 watu wa Battersea, London, walimpigia kura akawa mbunge wao katika Bunge la Uingereza!

Turudi India: mwaka 1929 serikali ya kikoloni iliwakamata watu zaidi ya 30 na kuwashtaki mjini Meerut. Watatu kati yao walikuwa Waingereza! Kesi ilivutwa karibu miaka minne, na washtakiwa wakaigeuza mahakama kuwa darasa la ukomunisti.

Unadhani waziri mkuu Nehru ndiye aliyepata kura nyingi kuliko wabunge wote katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa India huru? La! Alipitwa na mkomunisti wa Telangana, Ravi Narayana Reddy.

Sasa sogea karibu, maana hii ni yetu. Makhan Singh, mwana wa Nairobi aliyezaliwa Punjab, alikwenda India mwaka 1939. Waingereza wakamweka kizuizini huko, na alipotoka akafanya kazi katika gazeti la wakomunisti mjini Lahore. Akarudi Kenya mwaka 1947. Miaka miwili baadaye, yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh akadai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki yote. Mwezi uliofuata alikamatwa. Wajua alitoka lini? Oktoba 1961! Miaka zaidi ya 11, na hakuukana ukomunisti wake.

Mwaka 1957 wakomunisti walitwaa serikali ya jimbo la Kerala kwa kura, bila risasi hata moja. Siku chache tu baadaye wakapiga marufuku kuwafukuza wakulima kwenye mashamba waliyokodi! Serikali kuu ya Delhi iliwaondoa mwaka 1959.

Na kahawa je? Migahawa ya kahawa ya serikali ilipofungwa, mkomunisti A. K. Gopalan aliwahimiza wafanyakazi waiendeshe wenyewe kwa ushirika. Ukifika Kerala leo, utakaribishwa humo.

Huko Bengali Magharibi, wakomunisti na washirika wao walishinda uchaguzi baada ya uchaguzi, kuanzia 1977 hadi 2011. Miaka 34!

Tena, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya mseto iliyokuwa na wakomunisti ilibadilisha jina la mtaa mmoja wa Kolkata, ukaitwa Ho Chi Minh. Wajua nani alikuwa na ofisi mtaani hapo? Ubalozi mdogo wa Marekani! Na mpaka leo anwani yake ni hiyo hiyo: 5/1 Ho Chi Minh Sarani.