Mwerebi hushusha homa lakini hauponyi malaria

JE, msomaji, ni mara ngapi umemeza tembe mbili za aspirini, homa ikashuka, nawe ukaamua kwamba umepona? Ni vyema uijue historia ya mwerebi.

Mwerebi ni mmea wa mahali penye maji. Aina nyingine ni miti mirefu, nyingine ni vichaka. Wa hapa kwetu, uitwao Salix subserrata na wataalamu, ni kichaka au mti mdogo unaomea kando ya mito. Gome la mierebi ni chungu, na huko Ulaya limetumiwa tangu kale kutuliza homa na maumivu.

Mnamo 1763, kasisi Mwingereza Edward Stone aliiandikia barua Royal Society ya London. Alikuwa amekausha gome la mwerebi, akalitwanga na kuwapa unga wake wagonjwa wapatao 50 waliokuwa na homa za vipindi. Malaria ilikuwa miongoni mwa homa hizo, zilizosumbua sana watu wa sehemu zenye majimaji. Wengi walipata nafuu. Hata hivyo, homa chache zilizokuwa sugu zilipungua tu. Ziliisha pale alipoongeza kiasi kidogo cha gome la mti wa kwinini.

Sababu ni hii. Gome la mwerebi lina salisini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya salisili. Kutokana na asidi hiyo kampuni ya Bayer ilitengeneza aspirini, iliyoanza kuuzwa 1899. Dawa hizi hushusha joto na kutuliza maumivu, lakini haziui vimelea vya malaria vilivyo katika damu. Kwinini huviua.

Kwa hivyo, homa inaposhuka unaweza kudhani umepona, kumbe vimelea vingali vinazaana. Malaria kali hushambulia ubongo, na huweza kuua kwa muda mfupi.

Ukishikwa na homa, nenda zahanati ukapimwe damu mapema. Ukipatikana na malaria, maliza dawa zote ulizopewa hata kama umepata nafuu.

Mtoto mwenye homa asipewe aspirini wala maji ya gome la mwerebi bila idhini ya daktari. Aspirini huweza kumletea maradhi hatari ya ubongo na ini, ingawa ni nadra. Wenye vidonda vya tumbo, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, nao wamwone daktari kwanza.