Mchele wa Ifakara twaula, Ifakara yenyewe hatuijui

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma haya gazetini, nianze na shemeji yangu. Yeye ni mtu wa mjini hasa. Akipata likizo huenda Zanzibar au Bagamoyo, na mwaka aliokuwa na fedha za kutosha alikwenda Ngorongoro akarudi na picha za faru. Nilipomwambia kwamba mimi likizo yangu naipeleka Ifakara alicheka, akaniuliza, "Shemeji, Ifakara kuna nini zaidi ya mbu?" Aliniuliza hivyo huku mbele yake pana sahani ya wali uliotoka huko huko Ifakara, na juu yake inawaka taa ambayo umeme wake huenda ulitoka mto ule ule.

Sikumjibu papo hapo. Jibu langu ndilo hili.

Kutoka Dar es Salaam unashika barabara kuu ya Zambia mpaka Mikumi, hapo unakata kushoto kuelekea Kidatu. Zamani safari ilikuwa inaanza pale lami ilipokwisha. Masika malori yalikuwa yanazama hadi ekseli, na kiangazi abiria wa basi walikuwa wanashuka wote wamepakwa rangi moja kwa vumbi. Siku hizi lami inafika hadi Ifakara, na barabara hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2024. Kwa asiye na haraka ipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina. Reli hiyo inapita chini kabisa ya milima, kiasi kwamba ukitoa kichwa dirishani upande mmja unaona ukuta wa msitu na upande wa pili tambarare isiyo na mwisho.

Ukuta huo wa msitu ndio milima ya Udzungwa, na hapo naomba nikae kidogo.

Udzungwa ni kipande kikubwa kuliko vyote katika mnyororo wa milima inayoanzia Taita kule Kenya, ikapita Upare, Usambara na Uluguru, ikaishia huku kusini. Wataalamu wanaiita Milima ya Tao la Mashariki. Siri yake ni upepo wa Bahari ya Hindi. Upepo ule hubeba unyevu kutoka baharini, ukigonga milima hupanda, hupoa na kunyesha. Katika historia ndefu ya dunia, vipindi vya ukame vilikuja vikaufyeka msitu uliokuwa umetanda katikati ya Afrika, lakini juu ya milima hii mvua haikukatika. Msitu ukabaki kama kisiwa kilichozungukwa na nyika, na viumbe waliokuwa ndani yake wakabaki peke yao kwa mamilioni ya miaka, kila kisiwa na watu wake, kama tunavyosema. Ndiyo maana leo kuna miti, vyura, ndege na nyani ambao ukiwakosa hapa hutawaona popote pengine duniani.

Chukua mfano wa nyani mmoja. Mwaka 1979 watafiti wawili wa wanyama walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya kijiji cha Sanje. Wakasikia mlio wasioujua. Wenyeji hawakushangaa hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wanamjua mnyama huyo na wanamwita ng'olaga. Dunia ikatangaziwa kwamba amegunduliwa nyani mpya. Mpya kwa nani? Si kwa mtu wa Sanje aliyekuwa akimfukuza mahindini tangu utoto wake. Na kuna kisa cha mwaka 1991 ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Watafiti wa ndege walipiga kambi katika milima hii, na jioni mmoja akaona ndani ya sufuria ya mboga miguu ya kuku asiyefanana na kuku yeyote anayemfahamu. Wakafuatilia, kumbe ni aina ya kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika kamwe. Mwaka 2008 ukaja utangazaji wa sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote. Kwa hiyo anayedhani kila kitu katika nchi hii kimekwisha kujulikana, apande Udzungwa.

Kupanda ni kwa miguu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, si mahali pa kuzungushwa kwenye gari ukiwa umeegemea kiti. Makao yake makuu yako Mang'ula, kandokando ya barabara. Unalipa kiingilio, unapewa mwongoza watalii, unaanza kupandisha. Njia inayopendwa zaidi ni ya maporomoko ya Sanje, ambako maji yanaanguka takriban mita 170 kwa hatua. Nilipanda nikiwa na kitambi changu cha studio, nikasimama mara nyingi nikijifanya natazama mbega wekundu. Mwongozaji wangu, kijana wa pale pale Mang'ula, alikuwa mwungwana sana. Kila niliposimama alinitafutia mbega wa kunionyesha. Kule juu ukiwa umekaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji baridi, chini unaona mashamba ya miwa, reli, vijiji na bonde lote mpaka macho yanachoka.

Na ni kule juu nilipouliza swali ambalo mgeni aghalabu haulizi. Nilimuuliza kijana yule, mama yako anapikia nini?

Ndugu msikilizaji, swali hili ndilo kiini cha mambo. Hifadhi ilipoanzishwa, wanawake wa vijiji vya kando ya mlima walikuwa wameruhusiwa kuingia ukingoni kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa. Sababu zilizotolewa si za kupuuza. Pamoja na kuni kavu walikuwapo waliokata mbichi, na nyuma ya waokota kuni walifichama watega mitego. Msitu ulikuwa unaumia, na msitu ukifa mito inayotoka humo nayo inakufa, na mama yule yule hatakuwa na maji ya kupikia. Yote ni kweli. Lakini mama hakuacha kula kwa sababu ya tangazo. Kijana alinijibu, "Ananunua, kaka. Zamani ilikuwa jasho lake, sasa ni hela." Alisema amepanda miti michache nyuma ya nyumba na wamejenga jiko banifu, ila miti inachukua miaka na njaa inachukua saa chache.

Mimi si mtaalamu wa misitu na sitadai kwamba ruhusa irudishwe. Ninachosema ni kwamba gharama ya kuulinda mlima ule tumeiweka kichwani kwa mtu mmoja, naye ni mwanamke wa Mang'ula na Sanje, wakati faida yake inafika hadi kwangu na kwako. Kijana yule anapata riziki kwa sababu wageni wanakuja. Mwenye nyumba ya kulala wageni anapata. Anayeuza ndizi na vitumbua getini anapata. Mgeni anayelala hapo usiku mmoja na kula kwa mama ntilie ameacha kitu kijijini. Anayekuja asubuhi na chakula chake ndani ya boksi, akapanda, akapiga picha, akarudi Mikumi jioni, ameacha kiingilio tu.

Sasa tushuke bondeni.

Watu wa mjini tukizungumza habari za makabila ya mikoani huwa tunazungumza kama tunaotembelea jumba la makumbusho. Bonde la Kilombero litakukatisha tamaa ukienda na fikra hizo. Ni kweli, Wandamba ndio watu wa mto, wavuvi na wapiga kasia hodari. Wambunga wapo Ifakara, Wapogoro wanaanzia bondeni hadi milima ya Mahenge, Wabena wa mabondeni wako kule juu ya mto, na Wahehe wanashuka kutoka mlimani, ambako ukimwamkia mtu "kamwene" uso wake unafunguka. Lakini kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza miaka ya 1960, na reli ilipopita, na bwawa la umeme la Kidatu lilipojengwa, walikuja watu wa kila pembe ya nchi kutafuta kazi. Wengi hawakurudi kwao. Kisha wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wakaja Wamang'ati na Wamaasai. Katika baraza moja la kahawa pale Ifakara mjini nilihesabu watu wanane, na hapakuwa na wawili wa kabila moja. Waliongea Kiswahili kimoja, wakabishana juu ya bei ya mpunga.

Bei ya mpunga, na ardhi. Hapo utani ulikwisha. Bonde hili likifurika masika linageuka ziwa, na maji yakishuka yanaacha udongo ambao mpunga unaupenda kuliko chochote. Mkulima huhama mji, akajenga dungu au kibanda shambani, akalala huko miezi akilinda mazao, pamoja na mbu wake. Hapo Ifakara ndipo Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara miaka ya 1950, na kutokana na mbegu hiyo tuna Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990 taasisi hiyo ilikuwa mstari wa mbele katika kuonyesha jinsi vyandarua vyenye dawa vinavyookoa watoto. Shemeji, mbu wa Ifakara nao wamelisaidia taifa.

Lakini udongo huo huo mfugaji anautaka kwa malisho ya kiangazi, mwenye shamba kubwa anautaka kwa trekta, na wanyama walikuwapo kabla yao wote. Yupo swala anayeitwa sheshe. Ilikadiriwa kwamba robo tatu ya sheshe wote duniani walikuwa wanaishi katika bonde hili, na miaka ya 1990 walikuwa makumi ya maelfu. Leo unaweza kukaa siku nzima mtoni usimwone hata mmoja. Mwaka 2002 bonde liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa, eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,000. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, na wapo wanaoisimulia hadi leo kwa uchungu, kwa kuwa walipoteza ng'ombe na wakapoteza makazi. Mzee mmoja mvuvi aliniambia, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunajua maji yanafika wapi. Siku hizi wageni wanalima pale maji yanapolala, halafu wanalalamika wamefurikwa." Nilipomuuliza ni wageni gani hao, alinyamaza, akasema, "Hata wajukuu zangu wanalima huko."

Kwa nini jambo hili limhusu mtu wa Kariakoo au Sinza? Kwa sababu mito inayoshuka Udzungwa na ile ya Njombe hukutana bondeni ikawa mto Kilombero, nao ukiungana na Luwegu kule Shuguri ndipo unapozaliwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero. Na juu ya Rufiji tumejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ongeza megawati 204 za Kidatu na 180 za Kihansi, yote mawili yakiwa yanategemea milima hii hii.

Nikitaja Kihansi, sharti nimtaje chura. Mwaka 1996, wakati mradi unaendelea, aligunduliwa kwenye korongo lile chura mdogo wa rangi ya dhahabu, urefu kama wa ukucha wa kidole gumba, anayezaa badala ya kutaga mayai. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko, eneo la ekari chache tu. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakaisha. Ikabidi wachache wapandishwe ndege kwenda Marekani kufugwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Baadaye kizazi chake kilirejeshwa nyumbani, na korongoni ikawekwa mitambo ya kumnyunyizia maji. Tulihitaji umeme, sikatai. Lakini bomba linalofanya kazi iliyokuwa inafanywa bure na maporomoko lina bili yake.

Basi, mwenye nia ya kwenda aende kati ya Juni na Oktoba, njia za mlimani zikiwa kavu. Achukue viatu vya maana, chandarua, na siku zisizopungua nne. Udzungwa siku mbili, mto siku moja. Aulize pia ionyeshwe njia ya tembo iliyofunguliwa upya kati ya hifadhi ya Nyerere na Udzungwa, ambako chini ya barabara ya lami pamejengwa kipenyo ili tembo wapite bila kugongana na mabasi.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda Kivukoni. Kwa miaka mingi hapo ndipo safari zote za Mahenge na Malinyi zilikuwa zinasimama kungoja pantoni, na Januari 2016 kivuko kilizama katika maji hayo. Sasa lipo daraja la mita 384, Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, na magari yanapita bila hata kupunguza mwendo. Kando ya kivuko cha zamani nilimkuta mama mmoja akikaanga kambare. Alisema enzi za pantoni alikuwa anamaliza ndoo tatu kwa siku, maana abiria walikuwa wanangoja na njaa. Daraja analipenda, mjukuu wake alipougua usiku walivuka moja kwa moja hadi hospitali. Ndoo siku hizi ni moja. Nilinunua samaki wawili na wali, nikakaa nikala pale pale, na mchele wake ulikuwa Supa.