Mkutano wa kamati si siri ya kamati

Mtu anayenunua fleti hununua vitu viwili kwa mpigo. Kwanza ni vyumba vyake, ambavyo funguo zake anazo mwenyewe. Pili ni fungu lake katika paa, ngazi, lifti, mabomba na nguzo, ambavyo ni mali ya wote. Vyumba atavipaka rangi aipendayo, lakini nguzo hawezi kuikarabati peke yake. Ndiyo maana wenye fleti huchagua kamati. Juma hili nataka tutazame kamati hiyo yapaswa kuendesha shughuli zake namna gani.

Nimechagua mfano wa jimbo la Florida, Marekani, ambako watu wengi sana wanaishi katika majengo ya aina hii, na sheria imeyataja mambo haya waziwazi.

Msingi wa sheria hiyo ni kwamba mkutano wa kamati ni wa wenye jengo wote. Wajumbe wakitimia akidi na kuendesha shughuli za jengo, huo ni mkutano, hata kama wamekaa sebuleni kwa mmoja wao wakinywa kahawa. Mwenye fleti ana haki ya kuingia, kusema juu ya jambo lililo katika ajenda, na hata kurekodi. Tangazo lenye ajenda hubandikwa mahali pa wazi saa 48 kabla, isipokuwa pakiwa na dharura. Likiwapo suala la mchango maalumu, ni siku 14. Kura haipigwi kwa barua pepe. Milango hufungwa kwa mambo mawili tu: kamati inapozungumza na wakili wake kuhusu kesi, na inapojadili mambo ya watumishi. Kumbukumbu za mikutano na hesabu za fedha, mwenye fleti akiziomba kwa maandishi, lazima azione ndani ya siku 10 za kazi.

Huenda msikilizaji ukasema huo ni urasimu mtupu. Basi tulikumbuke jengo la Champlain Towers South, mjini Surfside, katika jimbo hilohilo. Lilikuwa na ghorofa 12, lilijengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeharibika vibaya. Ubishi juu ya gharama ukaendelea, na mwaka 2019 wajumbe wengi wa kamati wakajiuzulu. Aprili 2021 kamati ikaidhinisha mchango wa dola milioni 15. Kila mwenye fleti alitakiwa atoe si chini ya dola elfu 80, malipo yaanze Julai. Usiku wa Juni 24 jengo likaporomoka. Watu 98 walikufa.

Sisemi kwamba ni kamati iliyoliangusha. Wachunguzi wameonyesha kwamba kasoro za usanifu na ujenzi zilikuwapo tangu mwanzo. Lakini tunajifunza kwamba mkutano wa wazi ni nusu ya dawa tu. Wakati huo sheria iliwaruhusu wenye fleti kupiga kura wasiweke akiba ya matengenezo, na nani asiyependa kulipa kidogo? Mwaka 2022 Florida ilibadili sheria: majengo ya ghorofa tatu na zaidi lazima yakaguliwe yanapozeeka, na akiba ya sehemu zinazobeba jengo haiachwi kwa kura.

Nasi hatuko mbali na jambo hili. Tanzania ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008. Kenya ilitunga yake mpya mwaka 2020. Zote mbili zinawaweka wenye fleti katika chombo kimoja kinachosimamia mali ya pamoja. Chombo hicho ni wewe na jirani yako.

Kwa hiyo, kabla ya kulalamika kwenye ngazi kwamba fedha zinaliwa, uliza: mkutano ulitangazwa lini? Kumbukumbu ziko wapi? Akiba ni kiasi gani, na mhandisi alikuja lini mara ya mwisho? Kamati njema haitaona kero. Na mkutano ukiitishwa, nenda. Kiti chako kikiwa kitupu, wengine wataamua juu ya nguzo inayoshikilia chumba unacholala.

Hadi juma lijalo, kwaheri.