Mali bila daftari: maili tunazoziacha kwenye ndege

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuja likizo majuzi kutoka Dubai. Ni dereva huko, na huu ni mwaka wake wa 11. Tulikaa barazani baada ya isha, kahawa chungu na kashata mbele yetu, akawa analalamikia nauli. Mamake anataka kwenda umra. Watoto wanne wa shangazi wote wako Ghuba na wanachanga pole pole, lakini kila wakikaribia, nauli imeshapanda.

Nikamuuliza, "Na maili zako zimefika ngapi?"

Akacheka. "Kaka, hayo ni mambo ya wenye pesa. Sisi twakaa nyuma kabisa, karibu na choo."

Tukahesabu. Kila mwaka huja na kurudi, kwa hivyo amepanda ndege zaidi ya mara 20, na mara nyingi ni shirika lile lile. Hakuna hata safari moja iliyoandikwa kwa jina lake kwenye daftari la maili. Ndugu zake watatu ni vivyo hivyo. Nyumba moja, watu wanne, miaka na miaka ya tiketi, na hesabu yao ni sufuri.

Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya kosa hilo. Nimempeleka mamangu India kwa matibabu mara tatu, na mara tatu zote tulipitia Ghuba. Baada ya safari ya tatu ndipo nilipojiandikisha, nikadai maili za nyuma. Mbili zilikuwa zimepitwa na muda. Ya tatu ilikataliwa kwa sababu nilijiandikisha kwa majina mawili ninayoitwa mtaani, na paspoti yangu ina matatu. Shirika silitaji, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Leo nataka kueleza jambo hili kwa lugha ya kawaida, ili wewe usilirudie.

Ni kitu gani hasa?

Kama una laini ya Safaricom, tayari unajua Bonga. Unatumia simu, pointi zinaingia, siku moja unazibadilisha kwa kitu. Mpango wa wasafiri wa mara kwa mara ni Bonga ya ndege. Shirika la American Airlines lilianzisha wake mwaka 1981, mashirika mengine yakafuata, na leo karibu kila shirika kubwa lina wake. Pointi zenyewe huitwa maili. Usidanganywe na jina: si lazima zilingane na umbali uliosafiri. Mashirika mengi sasa huangalia aina ya nauli uliyolipa. Tiketi ya bei ya chini kabisa huleta maili chache, na tiketi ghali huleta nyingi, hata kama mmekaa viti vinavyopakana.

Kila mpango una ngazi, na kila ngazi ina jina au rangi yake. Emirates Skywards huanza na Blue, halafu Silver, Gold na Platinum. Privilege Club ya Qatar Airways huanza na Burgundy, na maili zake huitwa Avios. ShebaMiles ya Ethiopian huanza na Blue, na Miles&Smiles ya Turkish Airlines huanza na Classic. Ngazi hiyo ya chini ndiyo ninayoizungumzia hapa. Haina ada wala haina masharti ya kipato. Unahitaji jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na namba ya simu tu.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kuijua. Ethiopian, Turkish, Qatar na flydubai zimekuwa zikitua hapa Moi, na zote zina njia ya kukuandikia maili. flydubai hutumia mpango ule ule wa Skywards. Kwa hivyo anayetoka Mombasa kwenda Dubai kwa flydubai mwaka huu, na mwaka ujao akashika treni hadi Nairobi kupanda Emirates, huweka maili zote katika daftari moja. Kenya Airways nayo ina mpango wake, Asante Rewards.

Faida za ngazi ya chini

Ya kwanza ni maili zenyewe. Ukiwa ngazi ya chini, maili unazopata ni mali yako sawa na za yule wa Platinum. Zinaweza kulipia tiketi nzima, kupandisha kiti, au kulipia sehemu ya nauli. Lakini fahamu mapema: tiketi ya maili si bure kabisa. Kodi na ada hubaki juu yako, na viti vya maili huwa vichache, hasa wakati wa likizo na Ramadhani. Mwenye maili anayetafuta kiti mapema hupata. Anayetafuta wiki ya mwisho huambulia patupu.

Ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa kwa familia zetu, ni kuchanganya. Skywards wana kitu kinachoitwa My Family, ambapo wanafamilia huweka maili zao katika kapu moja. Mtu mmoja anayesafiri mara moja kwa mwaka kwa tiketi ya bei nafuu atangoja sana. Watoto wanne wa shangazi yangu wakiweka pamoja, hesabu inakuwa nyingine. Ni mchango ule ule tunaoufanya kwa harusi na matanga, ila huu hautoki mfukoni. Watoto wadogo nao huandikwa: Skywards wana sehemu ya watoto wa miaka 2 hadi 16, inaitwa Skysurfers. Ukisafiri na watoto watatu bila kuwaandikisha, umeacha maili za watu watatu.

Ya tatu ni kuiona safari yako mwenyewe. Wengi wetu hukata tiketi kwa ajenti, na ajenti huweka namba yake ya simu. Ndege ikibadilishwa saa, ujumbe unamwendea yeye, na huenda amelala. Najua familia iliyofika uwanjani na mizigo na mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, kumbe ndege ilishasogezwa. Namba yako ya uanachama ikiwa kwenye tiketi, kwa kawaida safari hiyo huonekana katika akaunti yako, na unaweza kuikagua kila siku bila kumpigia mtu. Bado mwambie ajenti aweke simu yako pia.

Ya nne ni ndogo lakini tamu. Tangu mwaka 2023, mwanachama yeyote wa Skywards, hata aliye nyuma karibu na choo, anaweza kutuma ujumbe wa simu bure akiwa angani, katika ndege za Emirates zenye Wi-Fi.  Kwa mama aliyemwacha mtoto mgonjwa nyumbani, hilo si dogo.

Usichopata

Ngazi ya chini haikupi ukumbi wa kupumzikia wenye chakula, haikutoi kwenye foleni ndefu, na haikupi kilo za ziada za mzigo. Mambo hayo huanza ngazi ya pili kwenda juu, na kupanda ngazi kunataka safari nyingi kwa muda mfupi. Mtu wa safari moja kwa mwaka asijipe tamaa hiyo. Na usifike kaunta ukamgombeza kijana wa watu kwamba wewe ni "mwanachama" ilhali sanduku limezidi kilo sita. Utalipa.

Mitego

Mtego wa kwanza ni jina. Sisi wa Pwani tuna majina yanayoandikwa njia tano. Fatma wa kitambulisho ni Fatuma wa cheti cha kuzaliwa. Mohamed mmoja ana *m* mbili huku, moja kule. Jina la babu liko kwenye paspoti na haliko mahali pengine. Jiandikishe kama paspoti inavyosema, herufi kwa herufi, kisha hakikisha ajenti amekata tiketi hivyo hivyo.

Wa pili ni muda. Maili za Skywards hudumu miaka mitatu, kisha huisha mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Avios za Qatar huisha akaunti ikikaa miezi 36 bila kuingia wala kutoka kitu. Kudai maili za safari iliyopita nako kuna kikomo, mara nyingi ni miezi michache tu. Kwa hivyo kile kikaratasi cha kupandia ndege usikitupe wala usikifanye alama ya kitabu. Kipige picha, ukiweke mpaka uone maili zimeingia.

Wa tatu ni kutawanya. Ukiwa na maili kidogo hapa na kidogo pale, huna kitu popote. Mashirika yamejiunga katika vikundi, na ndani ya kikundi unaweza kusafiri na mmoja ukaandikiwa kwa mwingine, kutegemea aina ya nauli. Ethiopian na Turkish wako pamoja katika Star Alliance. Kenya Airways na Saudia wako SkyTeam. Qatar yuko oneworld. Chagua daftari moja linalofuata njia yako na ubaki nalo.

Wa nne ndio mbaya zaidi: kulipa zaidi ili upate maili. Tuseme tiketi moja ni shilingi 52,000 na nyingine ni 60,000, safari ni ile ile, na umechagua ya 60,000 kwa sababu ya maili. Umenunua maili kwa shilingi 8,000, na thamani yake huenda haifiki nusu ya hapo. Chagua tiketi kwa bei, kwa saa na kwa usalama wa safari yako, kisha ndipo uweke namba. Shirika halikupi zawadi kwa mapenzi. Linataka urudi kwake, na linataka kukujua. Taarifa zako ndizo malipo yako. Soma unachokubali, na ukipata ujumbe kwamba "maili zako zinaisha leo, bofya hapa", usibofye. Fungua programu ya shirika mwenyewe uangalie.

Na halali yake?

Swali hili huulizwa kila nikizungumzia jambo hili msikitini. Mimi si mwanachuoni. Nimewasikia masheikh wakieleza kwamba maili za tiketi uliyoinunua kwa haja yako ni kama punguzo au zawadi ya muuzaji, na hawakuona ubaya. Muulize sheikh wako. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni mambo mawili. Kuna kadi za mkopo za benki zinazotoa maili kwa kila matumizi. Deni likibaki na riba ikaingia, umepoteza dini na pesa kwa pamoja. Na ukisafiri kwa tiketi ya mwajiri, maili huandikwa kwa jina lako, lakini muulize mwajiri msimamo wake. Amana ni amana hata ikiwa ya maili 300.

Fanya hivi

Kabla ya safari ijayo, ingia tovuti au programu ya shirika unalolitumia zaidi. Jiandikishe kwa jina la paspoti na kwa barua pepe yako mwenyewe, si ya ajenti wala ya mtoto wa jirani aliyekusaidia. Ihifadhi namba kwenye simu. Mpe ajenti namba hiyo anapokata tiketi, na ukifika kaunta ya uwanja wa ndege uliza, "Namba yangu ya uanachama imo?" Kama haimo, wataiweka hapo hapo. Baada ya safari subiri siku kadhaa, kisha angalia. Kama hazijaingia, dai mara moja.

Binamu yangu alijiandikisha usiku ule ule pale barazani, kwa simu yake, kahawa ikapoa. Kisha akawapigia ndugu zake watatu mmoja mmoja. Safari zake 20 na ushei hazitarudi, na sikumpa matumaini ya uongo: kwa tiketi wanazonunua, hata wanne wakichanganya, huenda ikawachukua miaka miwili mitatu kupata cha kupunguza nauli ya mama yao. Umra yenyewe wataichangia kwa jasho, inshallah. Maili zitasaidia pembeni tu.

Lakini shangazi alipoelezwa, aliuliza swali moja: "Miaka yote hiyo, hakuna aliyewaambia?"

Hakuna aliyewaambia. Ajenti hakuwaambia, mwajiri hakuwaambia, na sisi tuliosoma tukajua hatukuwaambia. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kama una ndugu Doha, Muscat, Jeddah au Dubai, mwambie leo.